Mwalimu Aliyetaka Ufuo Zombe

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, na sikuwahi kumuuliza. Ninachojua ni kwamba kwa miaka sita alifundisha jiografia na michezo katika shule ya upili ya wasichana iliyo ng'ambo ya mto wetu, huku Zombe, na kwamba aliondolewa kwa aibu kwa sababu ya lori moja la mchanga. Mimi ndiye niliyelizuia lori hilo. Nasema hilo mapema ili nikianza kumsifu, mtu asidhani nina roho safi sana.

Tulimwita Mwalimu, basi. Shule ilikuwa na walimu wengi, lakini ukisema Mwalimu pale sokoni bila kuongeza neno lingine, kila mtu alijua ni yule mfupi mwenye goti bovu na kofia iliyopauka kwa jua.

Alitembea akiangalia chini. Mwanzoni nilidhani ni unyenyekevu, kumbe alikuwa akiangalia mchanga. Alikuwa akiinama katikati ya njia, mbele ya watu wazima wanaomsalimia, anachota kidogo, anausugua kati ya vidole na kuunusa. "Huu una vumbi," anasema. "Msichana akiuangukia huu atakohoa wiki nzima." Halafu ndipo anakumbuka kuitikia salamu. Watu wengine walichukia tabia hiyo. Mimi ilinichekesha, maana sisi tumezaliwa juu ya mchanga na hatukuwahi kumwona mtu anayeunusa.

Haya yote yalianza aliporudi kutoka mkutano wa walimu wa michezo na habari kwamba voliboli ya ufuoni sasa imeingizwa katika mashindano ya shule za upili. Alituambia kwenye mkutano wa wazazi. Ile voliboli tuliyoizoea huchezwa na watu sita kila upande, kwenye ardhi ngumu. Hii huchezwa na wawili tu, miguu mitupu, kwenye mchanga mzito. Mzazi mmoja aliuliza ufuo wenyewe uko wapi hapa Kitui, na watu wakacheka mpaka wakapangusa macho. Mwalimu alingoja wamalize. "Ufuo ni mchanga," akasema. "Kama kuna kitu ambacho Mungu hakutunyima ni mchanga."

Na bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila haya. Alikuwa amesoma kitabu cha sheria za mchezo huo mpaka jalada likatoka, alijua urefu wa wavu na upana wa kamba za mipaka, lakini kama ungemuuliza mawimbi yanaliaje asingekuwa na jibu. Zainabu, binti wa mzee mmoja mwenye duka la vifaa ambaye watu wake walitoka pwani zamani, alikuwa akimtania kwa hilo. Mwalimu aliwaacha wasichana wamtanie. Refa akikosea, huyo mtu mpole alibadilika. Alikuwa anatetemeka midomo, anakunja vidole, na mara mbili alitolewa nje ya uwanja mbele ya wanafunzi wake. Siku ya pili anamwandikia refa barua ya kuomba radhi, mwandiko mzuri wa ubaoni. Jumapili anasimama mlangoni mwa kanisa letu akiwaonyesha watu viti, kana kwamba hajawahi kupandisha sauti maishani.

Nikigombana naye, na tuligombana sana, nilikuwa nagombana na mtu asiyejibu upesi. Neno lake lilikuwa "Basi, tuone." Ulimwambia haiwezekani, anasema basi, tuone. Nilimwambia kanisani hatutakubali mabinti wavae kaptula za kubana mbele ya umati. Akasema basi, tuone. Wiki iliyofuata timu nzima ilikuja na suruali ndefu za michezo na fulana za mikono, kwa sababu Zainabu ni Mwislamu na ilikuwa lazima ajifunike, na Mwalimu alikuwa amewauliza wengine kama wanaona vibaya kuvaa kama mwenzao. Kushindwa kwa upole namna hiyo ni kitu kinachonikera sana.

Sasa lazima nieleze mto, la sivyo mtu wa mbali atashangaa sisi tulikuwa na wazimu gani. Mto wetu ukiuangalia huoni maji. Ni mchanga kutoka ukingo mpaka ukingo, kithangathi, kama tunavyouita kwetu. Maji yako chini. Tunachimba visima kwa mikono, tunangoja yajae, tunachota kwa kikombe mpaka mtungi ujae. Mchanga ukichukuliwa, maji yanakwenda nao. Kulikuwa na miaka malori yalikuja mengi, ya watu wa majengo, na baada yake tulichimba mpaka mtoto akisimama ndani ya shimo humwoni kichwa, na hakuna tone. Hapo ndipo akina mama tulipounda kamati ya mto, na mimi nikawa katibu. Tulilala mbele ya magurudumu. Tulipigwa. Kwa hiyo hapa kwetu mtu akiona lori lina mchanga haulizi umetoka wapi. Anapiga yowe.

Mwalimu hakuanza na lori. Alianza kwa kuwaleta wasichana mtoni kufanya mazoezi hapo hapo mchanga ulipo, na mwanzoni tulimruhusu. Alikuja na chekeche ya kuchungia unga, akawafundisha kuchunga mchanga kabla ya kucheza, waondoe miiba, vigae na mavi ya mbuzi. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Msichana aliyelalamika aliambiwa amwonyeshe Mwalimu mguu wake, na Mwalimu akamwuliza, "Nikirudisha mguu huu kwa mama yako ukiwa na kipande cha chupa ndani, nitasema nini?"

Siku moja mpira ulitua ndani ya kisima cha mama mmoja jirani yangu, aliyekuwa amengoja tangu asubuhi maji yatulie. Yakawa matope. Yule mama akamtukana Mwalimu matusi ambayo siwezi kuyaandika. Mwalimu akavua viatu, akakunja suruali, akapiga goti lile bovu kando ya shimo na kuanza kuchota maji machafu kikombe kwa kikombe, akiyamwaga mbali, mpaka yakaanza kutoka meupe. Alikaa pale mchana mzima. Wasichana walitaka kumsaidia akakataa. Alipomaliza hakuweza kusimama, wakamwinua kwa makwapa. Lakini kamati ilikaa na kuamua kwamba mpira mtoni basi, na mimi ndiye niliyeandika uamuzi huo. Ulikuwa uamuzi wa haki. Hata leo nautetea.

Shida ni kwamba shule iliyotaka kuingiza wasichana wake kwenye mchezo ule mpya ilitakiwa iwe na uwanja wake, ukaguliwe kabla muhula haujaisha. Bila uwanja, hakuna kwenda. Na Mwalimu alikuwa ameshachagua wawili wa kwenda.

Hapa ndipo naona aibu. Mwende, binti yangu, alikuwa nahodha wa ile timu ya watu sita. Alikuwa kidato cha tatu, mrefu, mkono mzito, na alikuwa na hakika atakuwa mmoja wa wale wawili. Mimi pia nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimeshawaambia watu. Mwalimu akachagua Zainabu na msichana mwingine mkimya anayeitwa Kalondu. Mwende alirudi nyumbani macho yamevimba. Nilipomuuliza, alisema Mwalimu alimwita kando na kumwambia ukweli: kwamba kati ya watu sita yeye ni mzuri sana, lakini wakiwa wawili hakuna pa kujificha, na yeye mpira ukimjia vibaya huwa anageuka kumtafuta mwenzake.

Nilimwendea. Alikuwa amesimama nje ya ofisi ya walimu akila githeri kwenye sahani ya bati, maana hakuwahi kula akiwa amekaa. Nikamwambia amemvunja mtoto wangu moyo. Akatafuna, akameza.

"Mama Mwende, ningemdanganya angejua siku ya mashindano, mbele ya watu."

"Kwa hiyo mtoto wangu ni mwoga?"

"Sikusema mwoga. Ana miaka kumi na sita. Mwaka ujao tunaweza kumchagua."

"Mwaka ujao hatakuwa na hamu."

"Basi, tuone," akasema. Nikaondoka huku damu inanichemka. Neno lile sikuliweza siku hiyo.

Mwalimu mkuu wa shule hakuupenda mchezo ule hata kidogo. Alikuwa mzee mkali wa Matinyani aliyekaribia kustaafu, anayehesabu alama za mtihani tu, na kila mtu alijua yeye na Mwalimu hawapatani. Walisalimiana kwa vidole. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu. Mwalimu alipogundua kwamba watu wa barabara walikuwa wamekwangua mchanga uliofunika daraja la chini na kuurundika kando, mchanga ambao haungerudi mtoni kamwe, aliwaomba ruhusa ya kuuchukua, akapata. Barua ilipigwa muhuri. Ikabaki kamati yetu ijulishwe, na kwa utaratibu barua ya shule hupelekwa na mkuu wa shule.

Akaileta mwenyewe. Alishuka kwenye pikipiki langoni kwangu, akapangusa viatu, akanikabidhi bahasha. "Mimi sina haja na mchezo huu," akaniambia, "lakini barua ni halali. Wajulishe wenzako ili Ijumaa lori lisipate shida." Nikamjibu nimepokea, kamati itakaa Alhamisi. Alhamisi tulikaa kweli, tukazungumza juu ya uzio na juu ya michango ya mazishi. Bahasha ilikuwa nyumbani, chini ya godoro. Nilijiambia nitaitoa kesho. Nilijiambia hata kama mchanga ni wa daraja, kesho watazoea na kuja kuchukua wa mtoni. Hofu ya maji nilikuwa nayo, sitasema sikuwa nayo. Lakini usiku ule nilichokuwa nikikiona kichwani ni Zainabu na Kalondu wakipanda gari la mashindano na Mwende amesimama langoni.

Ijumaa lori lilikuja. Yowe likapigwa. Kufika kwangu akina mama walikuwa wameshalizunguka mbele ya lango la shule, wengine na majembe, na Mwalimu alikuwa amesimama kwenye ngazi ya lori amemkinga dereva, akisema kuna barua, kuna barua, kamati inayo. Macho yote yakanigeukia. Hapo ningeweza kusema neno moja tu na watu wote wangeenda nyumbani kupika.

Nikatoa simu, nikampigia chifu.

Baraza lilifanyika Jumatatu. Mwalimu alisimama akasema barua alimpa mwalimu mkuu aipeleke kwa kamati, na nakala hakubaki nayo. Mwalimu mkuu akasimama akasema, "Niliipeleka. Nilimkabidhi katibu mkononi." Chifu akaniuliza. Jua lilikuwa linanipiga utosini. Nikasema sikupokea barua yoyote.

Yule mzee aliniangalia. Kisha akakaa chini polepole. Na Mwalimu akageuka akamwangalia yeye, mwalimu mkuu, si mimi. Niliona uso wake ukibadilika, ukawa ule wa siku za marefa. Alikuwa ameniamini. Miaka yote ile tuliyogombana hakuwahi kunikuta na uongo, na yule mwingine alikuwa adui yake, basi hesabu ilikuwa rahisi.

Lori lilimwaga mchanga mbele ya ofisi ya chifu, ukakaa hapo mpaka kuku wakaumaliza kwa kuuchakura. Mwalimu akaandikiwa kwamba amechukua mali ya mto bila idhini ya wenyeji, akasimamishwa kazi, halafu akahamishiwa Makueni. Wasichana hawakwenda popote. Mwende hakugusa mpira tena. Hakuniuliza neno, na mimi sikumwambia neno. Siku Mwalimu anaondoka alipita kwangu kuaga. Alikuwa na sanduku moja na chekeche yake. "Ulifanya kazi yako, Mama Mwende," akaniambia. "Sina kinyongo na wewe. Mwenye deni na mimi anajijua." Nilimpa uji akaunywa akiwa amesimama. Barua niliichoma jioni hiyo jikoni.

Miaka ikapita. Mwalimu mkuu alistaafu, akarudi kwao Matinyani, akaugua, akafa. Nilisikia, nikatoa mchango wangu wa mazishi kama watu wengine.

Mwaka jana akina mama wa mto mmoja karibu na Tawa, kule Makueni, walinialika. Walikuwa wamesikia sifa zetu. Kuna shule ya kwao inataka mchanga wa uwanja wa michezo, wakaniambia, na wao hawajui jinsi ya kuzuia lori, nije niwafundishe. Nilivaa nguo yangu nzuri nikaenda. Walikuwa wamekaa chini ya paa la kanisa, wengi, nyuso ngumu ninazozijua kwa sababu ni nyuso zetu. Mbele, karibu na meza, alikuwa amesimama mtu mfupi mwenye kofia, ndevu zimekuwa nyeupe, anaegemea fimbo. Mkononi alikuwa na barua.

Aliniona. Akatabasamu, akawaambia akina mama kwa furaha kabisa kwamba wamepata mgeni anayejua kazi. "Huyu alinishika mimi," akasema. "Muulizeni mchanga unavyolindwa." Wakacheka. Kisha akaeleza shida yake. Mchanga ni wa kando ya daraja. Barua ni hii. Safari hii ameileta mwenyewe, asimtume mtu.

Mwenyekiti wao alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito. "Karatasi hata wezi wanazo," akasema. "Wewe mgeni, kwenu mlifanyaje?"

Nilisimama. Nikashika nyuma ya kiti. Nikawaambia kwetu barua ilikuwa ya kweli. Nikawaambia nililetewa mkononi na mtu mzima aliyepangusa viatu vyake kabla ya kuingia kwangu, na niliificha, na niliposimama mbele ya baraza niliikana. Nikawaambia kwa nini. Nilitaja mtoto wangu. Nikasema lindeni mto wenu, nami nitalala mbele ya gari pamoja nanyi, lakini someni barua ya huyu mtu, na kesho nendeni wenyewe mkasimame pale daraja mkahesabu kila koleo linaloingia kwenye lori. Mwenyekiti akanyoosha mkono, akachukua barua, akampa msichana mmoja aisome kwa sauti. Wakakubaliana kwenda darajani.

Mwalimu hakuwa anasikiliza hayo. Alikuwa amekaa, yeye ambaye hakaagi, kwenye kona ya benchi. Nilimwendea nikasema nisamehe. Alikuwa akiangalia mikono yake.

"Kwa hiyo alikuletea," akasema.

"Aliniletea."

"Alinitumia watu mara mbili akiwa amelazwa. Alisema anataka tuzungumze kabla hajaondoka. Niliwaambia wamwambie sina muda." Akapumua. "Walipomzika nilikuwa kwenye likizo. Nilikaa nyumbani nikitengeneza wavu."

Nikaanza kulia, na yeye hakuninyamazisha, na sikutaka aninyamazishe. Kisha akauliza kama mjane wa yule mzee bado yuko Matinyani. Nikamwambia yuko.

"Jumamosi," akasema. "Wewe na mimi."

Jumamosi tulikutana Kitui mjini tukaenda. Ni nyumba ya matofali yenye ua wa miti ya manyara, na kaburi liko upande wa juu, limepakwa chokaa. Yule mama ni mzee sasa na macho hayaoni vizuri. Alitutolea viti vya plastiki, akavipangusa kwa leso, akauliza sisi ni akina nani na tumeletwa na nini. Mwalimu alivua kofia. Alinigeukia, akangoja mimi nianze.